Nyamaza, Hesabu Hadi Kumi: Hatua za Kumsaidia Mwenye Usonji Ajitegemee

Kwa miaka minne nilisimama kila asubuhi mlangoni mwa bafu nikimwambia mwanangu mwenye usonji (autism kwa Kiingereza, yaani ubongo wake huipokea dunia na kuwasiliana kwa namna tofauti): chukua mswaki, weka dawa, fungua bomba, haya juu, sasa chini, sukutua, futa mdomo. Alifanya yote, nami niliamini nimeshamfundisha. Kisha nikaugua mafua, sauti ikakauka kabisa. Asubuhi hiyo nilimkuta amesimama mbele ya sinki, mswaki mkononi, dawa iko tayari juu yake, macho kwenye bomba. Alikuwa anangoja. Hakuwa amesahau kwamba bomba hufunguliwa. Alikuwa anangoja niseme "fungua bomba", maana kwa miaka minne hiyo ndiyo iliyokuwa hatua ya tatu. Sauti yangu ilikuwa imegeuka sehemu ya kupiga mswaki, sawa na maji na dawa.

Haya ninayoyaandika yalianzia asubuhi ile. Nimeyajifunza nyumbani, kwa walimu wake, kwa mtaalamu wa tiba kazi (anayewasaidia watu kuziweza shughuli za kila siku), na zaidi kwa watu wazima wenye usonji waliokubali kunieleza ni nini kiliwasaidia na nini kiliwaumiza. Jambo kubwa nililoondoka nalo ni hili: kumfundisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na ndiyo ngumu, ni wewe kujiondoa, na kujiondoa nako kunahitaji mpango.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Wako wanaosikia "kujitegemea" wakakumbuka mtegemea cha nduguye hufa maskini, na papo hapo wanamtaka mtoto afanye kila kitu peke yake bila mkono wa mtu. Hakuna anayeishi hivyo. Mimi sijishonei nguo wala sijing'oi jino. Kujitegemea ni kuwa na usemi juu ya maisha yako: unaamua nini, unasaidiwa na nani, unasaidiwa kiasi gani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unalisema hilo katika kifungu cha 19, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua anapoishi na anayeishi naye, na ana haki ya kupata huduma zitakazomwezesha kuishi ndani ya jamii. Msaada na kujitegemea vimewekwa humo pamoja.

Na usonji hauna sura moja. Kuna anayeongea kwa ufasaha, aliyemaliza masomo, na bado kuanza tu kuoga kunamshinda mpaka saa sita mchana. Kuna asiyetamka neno na chumba chake kimepangika kuliko changu. Usipime uwezo kwa maneno.

Hatua ya 1. Chagueni jambo moja

Moja tu. Ukikaa kuandika orodha zitatoka kazi ishirini, na kila moja itajiona ya dharura. Iweke orodha kando.

Muulize mwenyewe. Asiyezungumza naye huulizwa: weka mbele yake vitu viwili au picha mbili, tuseme mswaki na shati, uangalie mkono au macho yake yanaelekea wapi, na urudie siku kadhaa kabla hujaamini jibu. Mwingine atakujibu kwa kile anachokusukuma ukiache. Ukimshika kila siku umvalishe viatu naye kila siku anauondoa mkono wako, ameshakwambia.

Asipokuwa na chaguo lake, mimi hutanguliza mambo ya faragha: choo, kuoga, kuvaa, na kwa wasichana kujihudumia wakati wa hedhi. Kila jambo la mwili analoliweza mwenyewe linapunguza idadi ya mikono ya watu wengine juu ya mwili wake. Huo ni ulinzi, na kwangu unatangulia usafi.

Nguvu zako usizimalizie kumkataza kupunga mikono, kuyumba au kuzungusha kitu vidoleni. Wengi hutulia kwa njia hiyo. Usimlazimishe pia akutazame machoni. Watu wazima wenye usonji wameeleza mara nyingi kwamba wakilazimishwa kutazama, hawasikii tena unachosema. Hakuna anayejitegemea zaidi kwa sababu mikono yake imetulia.

Hatua ya 2. Tazama kabla ya kufundisha

Siku tatu au nne kaa pembeni, ufunge mdomo, utazame. Wapi anaanza mwenyewe? Wapi anakwama? Na pale anapokwama pana nini?

Swali la mwisho ndilo lenye utajiri. Hisia za watu wengi wenye usonji hupokea dunia kwa nguvu zaidi au kidogo zaidi kuliko zako. Dawa ya meno yenye mnanaa inaweza kuwa moto mdomoni. Lebo ya shati shingoni inakwaruza kama msasa. Taa inayopepesa, mwangwi wa bafu, kelele ya feni: wewe umeshaacha kuvisikia, yeye havimwachi. Mwanangu alipigana na kuoga kwa muda mrefu tukidhani ni ukaidi. Kumbe ni matone ya bomba la juu yakimpiga utosini. Tulipompa chombo akajimwagia maji mwenyewe kuanzia mabegani, ugomvi uliisha wiki hiyo hiyo, na hakuna somo lolote nililokuwa nimempa.

Kwa hiyo rekebisha mahali kwanza. Badilisha dawa, kata lebo, zima feni, weka mkeka usioteleza. Baadaye utaona mengi uliyoyaita "hawezi" yalikuwa "panauma".

Kuna pia ishara za ndani ya mwili. Njaa, kiu, haja, baridi na hata maumivu huwafikia wengine kwa kuchelewa au kwa mchanganyiko wasioweza kuutaja. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "nenda choo ukisikia haja" hujamsaidia, kwa kuwa kusikia ndiko kunakochelewa. Anahitaji saa: akiamka, baada ya kula, kabla ya kutoka. Na mtu aliyekuwa akifanya jambo vizuri akiliacha ghafla, au akaanza kujipiga, mpeleke kwa daktari ukague meno, masikio na tumbo kabla hujaiita tabia. Kufunga choo na kukosa usingizi ni shida za kawaida sana kwa wenye usonji, na hakuna anayejifunza huku tumbo likimkata.

Hatua ya 3. Ivunje kazi vipande vipande

Usiiandike kutoka kichwani. Nenda pale pale, ifanye mwenyewe polepole, na uandike kila mkono wako unapofanya jambo jipya. Ya kwetu ilitoka hivi:

1. Chukua mswaki kwenye kikombe.
2. Fungua kifuniko cha dawa.
3. Weka dawa kidogo, ukubwa wa punje.
4. Funga kifuniko.
5. Fungua bomba, lowesha mswaki, funga bomba.
6. Geuza saa ya mchanga.
7. Piga mswaki meno ya chini, kushoto mpaka kulia.
8. Piga mswaki meno ya juu, kushoto mpaka kulia.
9. Rudia mpaka mchanga uishe.
10. Tema.
11. Osha mswaki, urudishe kwenye kikombe.
12. Futa mdomo, tundika taulo.

Saa ya mchanga ilitoka kwa mwalimu wake. Nilikuwa nimeandika "piga mswaki vizuri", akaniuliza: vizuri ni mpaka lini? Sikuwa na jibu. Madaktari wa meno husema dakika 2, lakini dakika 2 hazionekani. Mchanga unaonekana ukiisha. Kila utakapokuta neno kama "vizuri", "kidogo" au "haraka" katika orodha yako, libadilishe liwe kitu kinachoonekana. Idadi ya vipande isikusumbue. Kuna atakayehitaji vitano na atakayehitaji ishirini na mbili.

Hatua ya 4. Kinachosemwa kionekane

Neno likishatamkwa limekwenda. Picha inabaki pale pale, haichoki, haina hasira, na anaweza kuirudia mara kumi bila kumuudhi mtu. Mwaka 1972 Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walianzisha mpango wa kuwahudumia wenye usonji uitwao TEACCH unaojengwa juu ya wazo hilo, nami nimebaki na maswali manne ya huko ambayo kila ratiba inapaswa kuyajibu bila wewe kufungua mdomo: nafanya kazi gani, ni kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na baadaye nini?

Hilo la mwisho husahauliwa sana. Mtu asiyejua kinachofuata baada ya kuoga anaweza kukataa kutoka bafuni, si kwa kupenda maji, ila kwa kuwa mlango unafunguka kwenye giza. Picha moja ya kinachofuata humtoa.

Tumia kinachoeleweka naye. Kwa mwingine ni kitu chenyewe, taulo akikabidhiwa anajua ni kuoga. Kwa mwingine ni picha ya simu ya bafu lenu halisi, si katuni ya bafu la watu. Kwa anayesoma, maneno kwenye karatasi yanatosha. Temple Grandin, mwanasayansi wa mifugo mwenye usonji, ameeleza kwa miaka mingi jinsi anavyofikiri kwa picha, na wengi wakadhani basi kila mwenye usonji yuko hivyo. Hapana. Wako wanaofikiri kwa maneno, kwa namba, kwa mpangilio. Jaribu uone.

Ziweke picha kwenye usawa wa macho yake, pale kazi inapofanyika. Kila kipande kikiisha akibandue akitie kwenye kisanduku cha "imekwisha". Na tafadhali usiziondoe siku anapoweza. Nani alikunyang'anya kalenda kwa sababu umekuwa mkubwa? Atakapokuwa mtu mzima picha za ukutani zinaweza kuhamia kwenye simu yake, na kengele ikachukua nafasi yako ya kumwambia muda umefika.

Hatua ya 5. Anzia mwisho

Tumezoea kufundisha kuanzia mwanzo. Kwa kazi ndefu mwanzo ni mahali pabaya, kwa sababu mwanafunzi anafanya kidogo, anashindwa, wewe unamalizia, na kinachobaki kichwani mwake ni kwamba kumaliza ni kwako.

Geuza. Chukua fulana. Ivishe kichwani, pitisha mkono wa kulia, pitisha wa kushoto, ishushe mpaka kifuani, kisha uache. Kitambaa kimekunjamana kifuani, tumbo liko wazi, kila mtu angependa kukivuta. Atakivuta. Amevaa fulana, na aliyemaliza ni yeye. Kesho hivyo hivyo, na keshokutwa. Kipande hicho kikishakuwa chake, unaishia mkono wa kushoto ukiwa bado ndani ya fulana, anautoa, anavuta. Baadaye mikono yote miwili. Unarudi nyuma kipande kwa kipande mpaka siku fulana inalala kitandani nawe uko jikoni.

Kazi fupi, au mtu anayependa kuanza mwenyewe, anzeni mwanzo. Hii si sheria ya dini. Ila ukikwama, geuza.

Hatua ya 6. Jiondoe

Hapa ndipo nilipopoteza miaka minne, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msaada una ngazi. Juu kabisa ni kuongoza mkono wake. Chini yake ni kumgusa kiwiko tu. Chini tena ni kumwonyesha kwa kufanya wewe. Kisha kunyooshea kidole picha au kitu. Kisha kukitazama tu. Kisha kungoja. Kwa jambo jipya anzia juu kadiri anavyohitaji, ili asizoee kukosea, halafu ushuke ngazi moja moja. Unaposhika mkono, omba ruhusa: weka mkono wako chini ya wake au karibu yake, na akiuondoa, mwache. Mkono unaolazimisha unafundisha kulazimishwa.

Utaona sijataja kusema. Wengi hudhani neno ndio msaada mwepesi kuliko yote, lakini ndio mgumu kuuondoa. Mkono unaweza kulegea kidogo kidogo mpaka ukabaki kivuli. "Fungua bomba" haina nusu yake. Na kuna tatizo jingine: wengi wanahitaji sekunde kadhaa kulisaga neno walilosikia. Wewe unasema, unaona kimya, unarudia kwa maneno mengine, naye aliyekuwa amefika katikati anaanza upya. Tukifanya hivyo mara tatu tunasema hasikii.

Basi fanya hivi. Simama nyuma yake au ubavuni, si mbele. Ukiwa mbele atakusoma uso badala ya kuangalia kazi. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Polepole. Mara ya kwanza kumi hiyo ni ndefu kama ibada, utajikuta umefungua mdomo kwenye nne. Ikifika kumi bado amesimama, nyoosha kidole kwenye picha kutoka nyuma ya bega lake, kimya. Bado? Panda ngazi moja, kisha ushuke tena mara inayofuata.

Mimi nilichukua wiki tatu kuliondoa "fungua bomba". Siku ya kwanza nilihesabu mpaka kumi mara mbili, machozi yakinilengalenga, kwa kuwa nilikuwa nimemwona akinisubiri. Siku ya kumi na moja mkono wake ulikwenda kwenye bomba, ukarudi, ukaenda tena, ukafungua. Hakunitazama. Nilitoka nikasimama koridoni nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

Andika kila siku alama moja kwa kila kipande: amefanya mwenyewe, au kwa kidokezo gani. Zikifika siku tatu mfululizo bila kidokezo, kipande hicho ni chake, usikisogelee tena. Hicho ni kipimo changu, kiongeze ukiona kifupi. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani ili baba, dada, bibi na msaidizi wa nyumbani wote watumie ngazi ile ile. Mmoja akikaa kimya na mwingine akivalisha kila kitu ili wawahi, atamngoja yule anayevalisha, nani asingefanya hivyo?

Akikosea, usimrudishe mwanzo. Mrudishe kipande kimoja. Akipatia, taja alichofanya: "umefunga bomba", kwa sauti ya kawaida. Wengine hawapendi makofi na vigelegele, vinawakata.

Hatua ya 7. Toka naye nje ya bafu lile moja

Aliyejua bafu lenu hajajua bafu. Bomba la kuzungusha na la kuinua ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu anayeshika undani wa kila kitu. Mapema kabisa badilisha mswaki, badilisha chumba, badilisha mtu anayesimama nyuma.

Safari hufundishwa kwa umbali. Kwanza mnatembea bega kwa bega na picha za alama za njiani: kona, jengo, kivuko. Kisha unatembea hatua tano nyuma, kisha ishirini. Kisha unamngojea mwisho wa njia wakati mtu mwingine amemwona akianza. Kuvuka barabara kusiingie kwenye majaribio haya mpaka kuwe kwake kabisa, kila siku, kwa barabara zaidi ya moja. Na mfundishe pia safari ikiharibika, kwa makusudi, siku mliyoipanga: gari halikuja, njia imefungwa, simu imezima. Aende wapi, ampe nani kadi yenye namba yako? Mtu aliyejifunza njia inayonyooka tu amejifunza nusu ya njia.

Fedha ni rahisi kuliko zinavyotisha. Asiyeweza kujumlisha anaweza kufundishwa kutoa noti moja inayozidi bei na kungoja chenji, au kubeba kiasi kilichohesabiwa ndani ya bahasha yenye picha ya anachonunua. Muuza duka mzungumzie mara moja: ampe muda, asimalizie sentensi zake.

Hatua ya 8. "Hapana", "nisaidie", "nipumzike"

Nimeiweka ya nane lakini inaanza siku ya kwanza.

Mtu aliyefundishwa kutii kila mtu mzima kwa kila jambo yuko hatarini. Atamtii pia yule mwenye nia mbaya. Kwa hiyo awe na namna ya kukataa, na kukataa kwake kufanye kazi nyumbani kwanza: akisema hapana kwa kukumbatiwa, asikumbatiwe, hata kama ni shangazi ametoka mbali. Mfundishe majina halisi ya sehemu za mwili, nani anaweza kumsaidia wapi na kwa sababu gani, na mlango upi unafungwa. Mfundishe kwa kugonga mlango wake kabla ya kuingia.

Asiyetumia sauti apewe njia nyingine sasa hivi, usisubiri aongee. Kadi, picha, ishara za mikono, programu ya kuzungumza kwenye simu: hofu kwamba vitamzuia kuongea haina msingi, na kwa wengine vimefungua sauti. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost wa Marekani walibuni PECS, mfumo wa kubadilishana picha. Katika hatua yake ya kwanza wanahitajika watu wawili: mmoja mbele ameshika kitu anachokitaka mwanafunzi, mwingine nyuma anamsaidia mkono umkabidhi wa mbele picha ya kitu hicho, na huyo wa nyuma hasemi neno lolote. Niliposoma hivyo nilikaa chini. Walilijua nililolijifunza kwa kupoteza sauti: anayeanza mazungumzo awe yeye.

Kadi ya "nisaidie" iwe karibu na kila kazi. Kuomba msaada ni ujuzi, na kwa maoni yangu una thamani kuliko vifungo vya shati.

Siku anapolemewa

Amejifunika masikio, analia, anajigonga, au amekauka tu hasogei. Masomo yameisha kwa leo. Punguza mwanga, punguza watu, punguza maneno mpaka sifuri, ondoa vya kuumiza, kaa karibu kwa umbali anaouvumilia. Kutakuwa na mtu wa kukukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ilimlenga mtoto anayepimana nguvu na mzazi. Huyu hapimani na mtu. Mwili wake umejaa. Akishatulia usimhoji. Kesho yake angalia nini kilitangulia, na ukipunguze.

Akikua

Anza mabadiliko ya mwili kabla hayajafika. Pedi zijaribiwe miezi mingi kabla ya hedhi ya kwanza, mashine ya kunyolea ishikwe ikiwa imezimwa, kisha isikike ikiwa imewashwa mbali, kabla ya ndevu.

Kwa kazi, fuata anachokipenda. Mtoto wa kwanza katika makala ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943, iliyoueleza usonji, alikuwa Donald Triplett wa mji wa Forest, Mississippi. Akiwa na miaka mitatu aliwekwa kwenye taasisi, wazazi wakaja kumrudisha. Baadaye alikaa na wakulima, mume na mke, na Kanner alipowatembelea mwaka 1945 aliona walichofanya. Mtoto alikuwa hawezi kuacha kupima vitu, wakamchimbisha kisima awaambie kina chake. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi bila kukoma, wakamwachia ahesabu huku akiilima kwa farasi na jembe. Kuhesabu kwake kukawa kazi. Donald alimaliza chuo, akafanya kazi benki miongo kadhaa, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akasafiri nchi nyingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo, na benki ilikuwa ya kwao. Siwezi kulificha hilo. Lakini wale wakulima walitumia kisima na shamba tu.

Na uamuzi uwe wake. Kifungu cha 12 cha mkataba ule ule kinasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na anastahili msaada wa kuutumia uwezo huo. Msaidie kuamua: mweleze kwa picha, mpe siku mbili, mruhusu ajaribu, mruhusu abadilishe mawazo. Akichagua shati usilolipenda, amechagua shati.

Wiki mbili zikipita bila badiliko

Usimlaumu, kagua. Je, kipande ni kikubwa mno? Kivunje. Kuna kinachoumiza pale? Rudi hatua ya pili. Je, jambo hili ni lake au ni lako? Kuna mtu anayemfanyia ukiwa haupo? Mmehama, shule imefungwa, amekuwa mgonjwa? Baada ya mambo hayo ujuzi huzama kwa muda. Rudisha msaada mara moja bila kumwaibisha, kisha ushuke ngazi upya, na safari hii mara nyingi hushuka haraka. Kama siku zote amekuwa akijikaza kuonekana kama wengine, pengine amechoka na anahitaji miezi ya kupunguziwa mambo, si jambo jipya.

Kisha simama siku moja na saa mkononi, upime sekunde kati ya yeye kukwama na wewe kusema. Mimi ilikuwa mbili.